Shali ya lesi imekugomea? Anza kuangalia mstari wa chini

Wengi wanaoiacha shali ya lesi njiani sio kwamba mikono imewashinda, ni kwamba tatizo wanalitafuta mahali ambapo halipo. Sweta la shule ukikosea unaona palepale. Lesi haina huruma hiyo, kosa unalifanya mstari wa 31, mstari wa 32 unarudi salama kabisa huoni kitu, ukiingia wa 33 hesabu inakataa, sasa unaanza kuulaumu wa 33, unaufumua unaufuma tena unakataa tena, mpaka mtu anaitupia kazi kwenye mfuko na huko ndo inakaa miaka. Kumbe wa 33 hauna kosa lolote. Kwa hiyo humu nimepanga kwa dalili, unaona nini kwanza alafu sababu, na karibu kila mara nitakurudisha uangalie chini.

Tuelewane lugha kidogo maana kila mtu anaita anavyoita. Pleni ni ufumaji wa kawaida uzi ukiwa nyuma ya sindano, palo ni ule wa kuleta uzi mbele. Tundu ni pale unapozungusha uzi juu ya sindano bila kufuma kitu, unapata kitanzi kipya na chini yake panabaki uwazi. Kipunguzo ni vitanzi viwili kufumwa vikawa kimoja. Mstari wa kwenda ni ule unaofuma huku uso wa shali unakuangalia, wa kurudi ni wa upande wa mgongo. Basi. Lesi ya Shetland kule kaskazini ya Scotland, ya Orenburg Urusi wanakofumia manyoya laini ya mbuzi, ya Haapsalu Estonia, zote msingi wake ni tundu na kipunguzo. Tundu linaongeza kimoja, kipunguzo kinakula kimoja, vikilingana shali inabaki na upana wake, visipolingana ama unatanua makusudi ama kuna mahali umeteleza.

Kitambaa kimetoka kizito, kimebana, lesi haionekani

Kabla hujagusa kitu kingine uliza namba ya sindano. Kuna namba za Uingereza za zamani, ndo zipo kwenye sindano nyingi tulizoachiwa na mama na bibi zetu, na kuna namba za Marekani, na hizo mbili zinakwenda kinyume. Namba 8 ya Uingereza ni milimita 4, namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Ya Uingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, 10 ni milimita 3.25 na 14 ni milimita 2, ya Marekani namba ikipanda sindano inanenepa. Sasa mtu kadaunilodi patani ya Mmarekani imeandikwa 8, anatoa 8 ya mama yake kabatini, anafuma wiki nzima kitu cha kubana alafu anasema patani mbovu. Soma milimita tu, namba achana nazo.

Spoki ya baiskeli, ambayo wengi tumejifunzia, ni kama milimita 2, nzuri kwa soksi za kichanga lakini kwa shali itakunyima matundu. Usizitupe, tutazihitaji kwenye kuwamba, yaani kuivuta shali iliyokwisha na kuibana kwa pini ili lesi ifunguke. Uzi mwembamba wa lesi unataka kati ya 3.5 na 4.5, uzi wa kawaida wa sweta ambao ndo unapatikana dukani kirahisi upeleke 5 au hata 5.5. Utaona umelegea sana mkononi na utatamani kukaza, usikaze, ulegevu ndo lesi yenyewe.

Kama sindano iko sawa na bado lesi haionekani basi angalia uzi. Uzi wa rangi mchanganyiko unameza patani, jicho linafuata rangi linasahau matundu. Uzi wenye manyoya mengi nao unaziba. Nyeusi inafumika ila usiku kwenye taa hafifu utajuta, maana huoni kitanzi kipi ni kipi, na lesi bila kuona vitanzi vyako vya chini huwezi kurekebisha kitu. Shali ya kwanza chukua rangi moja, iliyopauka, uzi uliosokotwa vizuri.

Mwisho wa mstari kitanzi kimebaki au kimepungua

Hii ndo dalili kuu, ukiijua hii umemaliza nusu ya matatizo. Usifumue. Weka kazi mezani, taa, alafu hesabu kila kipande cha patani, yaani kila marudio yake, peke yake. Kama hujaweka pete za alama kati ya kipande na kipande ziweke sasa hivi, sio lazima za kununua, kata mrija wa soda vipete vyembamba, inatosha.

Sasa angalia hesabu inasemaje.

Kipande kimoja kimepungua kimoja na vingine vyote viko sawa: mara nyingi ni tundu lililosahaulika, na limesahaulika mstari wa kwenda uliopita, sio huu. Linasahaulika hivi, unaleta uzi mbele kwa ajili ya kuzungusha, simu inaita, ukirudi unaurudisha uzi nyuma ndo unafuma, basi tundu limeyeyuka. Dawa yake rahisi, tafuta ule uzi mlalo ulio kati ya vitanzi viwili pale tundu lilipotakiwa kuwa, uinue na sindano ya kushoto bila kuusokota, huo ndo tundu lako. Litakuwa dogo kidogo kuliko wenzake lakini ukishawamba hakuna atakayelijua.

Kuna sababu nyingine ya kupungua ambayo inawatesa hata wazoefu, kipunguzo cha bahati mbaya. Mstari wa kurudi, lile tundu limelala karibu sana na kitanzi cha jirani, sindano inachota vyote viwili kwa pamoja kwenye palo na wewe huna habari kwa sababu mstari wa kurudi watu wanafuma huku wanaangalia tamthilia. Ukiangalia upande wa uso utaona kitanzi kimoja kimepandana na uzi wa tundu. Fumua hapo tu, kitanzi kwa kitanzi, usiguse vingine.

Kipande kimezidi kimoja: kipunguzo kimerukwa, au ulikutana na kipunguzo cha vitatu, kile kinachokula vitanzi vitatu kikaacha kimoja, wewe ukakila viwili. Kipunguzo cha vitatu kinaondoa vitanzi viwili kwa mpigo kwa hiyo kinataka matundu mawili ya kukilipia, kwa kawaida moja kulia kwake na moja kushoto. Ukiona tundu, kipunguzo, tundu, na kipunguzo chenyewe kimekula viwili tu, umemkamata mwizi.

Kipande kimoja kina 7 na cha jirani kina 5 wakati vyote vilitakiwa 6: hapa wala hujakosea kufuma. Tundu lililokuwa karibu na pete limeteleza chini ya pete likahamia upande wa pili. Itoe pete, lirudishe tundu kwao, rudisha pete. Watu wanafumua mistari kumi kwa ajili ya hili, jamani.

Na kama kila kipande kimezidi au kimepungua kwa idadi ileile, acha kuhangaika na vitanzi, nenda kwenye chati, ule mchoro wa vijisanduku unaoonyesha patani. Zipo patani ambazo zinaongezeka mstari mmoja na kupungua mistari miwili mbele, makusudi kabisa, hesabu hailingani mpaka umalize mzunguko. Soma maelezo kabla ya kujihukumu.

Tundu lipo kwenye hesabu ila halionekani

Kitanzi kipo, uwazi haupo. Limesokotwa hilo. Mstari wa kurudi umelifuma kwa kuingilia mguu wa nyuma, uzi umejikunja ukafunga mlango. Au ulilizungusha uzi kinyume, kutoka nyuma kuja mbele, likakaa sindanoni limegeuka. Cheki miguu ya kitanzi, kila kitanzi sindanoni kina miguu miwili, na ule wa mbele ndo unatakiwa uwe umetangulia kulia. Ukikuta limegeuka lifume kwa mguu wa nyuma litafunguka. Kama umeshapita, lidondoshe lile moja tu mpaka chini na ulipandishe upya na sindano ya kroshia, ni kazi ya dakika.

Kinyume chake, tundu lipo mahali ambapo halikualikwa. Ama uzi ulibaki mbele wakati unafuma pleni, na hapo hesabu itazidi kimoja, ama kitanzi kimedondoka na kinateremka kimyakimya. Ukiona vijiti vya ngazi vinashuka chini ya lile tundu ujue kimedondoka, chomeka pini ya kufungia nepi haraka kabla ya kufanya lolote, alafu ndo uvute pumzi.

Hesabu iko sawa ila picha haieleweki

Majani hayafanani na majani, mistari inayotakiwa kukutana inapishana. Hapa sababu ni tatu na ninaziweka kwa mpangilio wa zinavyotokea.

Ya kwanza, chati imesomwa upande usio wake. Mstari wa kwenda chati inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama unavyosoma msahafu, na wa kurudi ndo kushoto kwenda kulia. Ukisoma chati kama gazeti utapata picha iliyogeuzwa kioo, na kwenye patani zenye pande mbili zinazofanana hutagundua mpaka ufike ile isiyofanana.

Ya pili, angalia namba pembeni ya chati. Ukiona 1, 3, 5, 7 peke yake, maana yake mistari ya kurudi haijachorwa, unarudi kwa palo tupu. Mtu akiifuma mistari ya chati hiyo mmoja juu ya mwingine bila kuweka palo katikati picha inagandamizwa inakuwa nusu ya urefu wake, na upande mmoja wa kazi anakuwa anafanya vipunguzo kwa mgongo.

Ya tatu ni mwelekeo wa kipunguzo. Ukifuma viwili kwa pamoja kwa pleni, kinalalia kulia. Ukivivusha kimoja kimoja kwanza alafu ukavifuma pamoja kwa miguu ya nyuma, kinalalia kushoto. Hesabu haijali kabisa ni kipi umetumia, ndo maana hutapata onyo lolote, lakini ncha ya jani inatengenezwa na hivyo viwili vikiegemeana. Ukiweka cha kulia pande zote, ncha inavunjika. Na vijisanduku vya kijivu kwenye chati sio vya kufuma, ni nafasi tupu, viruke kana kwamba havipo.

Pembetatu yangu, patani inakatika pembeni na haiungani

Hapa sasa tumetoka kwenye kufuma tumeingia kwenye kubuni, na hapa ndo nitakaa, kwa sababu watu wengi wakitaka kubuni shali yao wanachagua patani nzuri kwenye picha wanaitupia ndani ya pembetatu, alafu mstari wa 20 wanashangaa.

Pembetatu ya kawaida inaanzia shingoni inashuka. Unaanza na vitanzi 9: vitatu vya ukingo huku, vitatu vya ukingo kule, kimoja cha katikati ambacho ndo uti wa mgongo, na kimoja kimoja kila upande wa uti. Kila mstari wa kwenda unaweka matundu manne ya kutanua, moja baada ya ukingo, moja kabla ya uti, moja baada ya uti, moja kabla ya ukingo wa mwisho. Kwa hiyo 9 inakuwa 13, 17, 21, inaendelea hivyohivyo. Mistari 100 ikiisha, kwenda 50 na kurudi 50, una vitanzi 209.

Toa kingo na uti, gawanya kwa mbili, utaona kila nusu ya shali inaongezeka vitanzi viwili kila baada ya mistari miwili. Yaani wastani kitanzi kimoja kwa mstari. Hiyo sentensi ndo siri yote ya kubuni pembetatu. Patani yenye upana wa vitanzi 6 na urefu wa mistari 6, ukimaliza mzunguko mmoja kila nusu imeongezeka 6, maana yake umepata nafasi ya kipande kimoja kipya kamili, kinaingia bila kugombana na mtu. Vitanzi 12 kwa mistari 12 sawa. Vitanzi 4 kwa mistari 8 sawa pia, unapata vipande viwili vipya. Lakini vitanzi 10 kwa mistari 8? Kila nusu imepata 8, kipande kinataka 10, vinabaki 8 ambavyo havijui vifanye nini, na ndo hapo pembeni panakatika. Urefu wa patani ugawanyike kwa upana wake, ukiona haugawanyiki tafuta patani nyingine au ukubali kujaza pembeni kwa pleni mpaka nafasi itoshe.

Ndo sababu ile patani ya mawimbi ya Shetland ambayo kila mtu anaipenda, vitanzi 18 kwa mistari 4 tu, inasumbua sana kwenye pembetatu. Mistari 4 inakupa vitanzi 4, wewe unahitaji 18. Ila kwenye stola ya mstatili ni raha tupu: anzisha 78, yaani vipande vinne vya 18 na vitatu vitatu vya ukingo kila upande. Mstari wa kwanza pleni, wa pili palo, wa tatu ndo wenye kazi, fuma viwiliviwili pamoja mara tatu, alafu tundu na pleni kimoja mara sita, alafu viwiliviwili tena mara tatu, rudia kila kipande, wa nne pleni. Vitanzi vya ukingo ni pleni mistari yote. Hesabu mwenyewe, vipunguzo sita matundu sita. Mstari mmoja wa akili kati ya mitatu ya kupumzika, kama hujawahi kufuma lesi kabisa anzia hapa, pembetatu itakusubiri.

Kwenye pembetatu kuna kipimo cha haraka cha kujua kama matundu ya kutanua yote yamewekwa: chukua jumla ya vitanzi, toa 1, gawanya kwa 4. Ikibaki kitu kuna tundu limekimbia. 209 toa 1 ni 208, gawanya kwa 4 ni 52, safi.

Uti wa mgongo ukionekana umehama, unapinda kama barabara ya mlimani, ni kwamba umeweka alama pembeni ya kitanzi cha uti na alama imeteleza. Weka pini ndani ya kitanzi chenyewe, uipandishe kila mistari kadhaa. Kinundu shingoni pale mwanzo kabisa kinatokea ukianzisha vitanzi 9 kwa mstari mnyoofu. Badala yake anzisha 3, fuma pleni mistari 6, geuza kipande, okota 3 ubavuni na 3 kwenye ule mwanzo, unapata 9 zilizozunguka vizuri.

Na wale mnaolalamika mabawa mafupi hayafiki kufunga kifuani, ongeza tundu moja ndani ya kila ukingo kwenye mstari wa kurudi pia. Mabawa yatarefuka. Ila kumbuka sasa kila nusu inapata vitatu kwa mistari miwili badala ya viwili, kwa hiyo hesabu ya patani niliyotoa juu lazima uifanye upya.

Nimedondosha kitanzi ndani ya matundu na kila nikishika kinazidi kushuka

Kwenye pleni ungekipandisha na kroshia, kwenye lesi kinashuka kupitia vipunguzo na matundu na huko chini hujui kipi kilikuwa kipi. Dawa ya hili inawekwa kabla ya ugonjwa. Kila ukimaliza mzunguko wa patani, baada ya mstari wa kurudi ambao hesabu imekubali, pitisha uzi mwingine kwa sindano ya mkono ndani ya vitanzi vyote vilivyo sindanoni, usipitishe ndani ya pete. Tumia uzi laini wa pamba wa rangi tofauti, au ule wa kusafishia meno. Yakitokea ya kutokea unachomoa sindano bila woga, unavuta, kazi inafumuka mpaka kwenye ule uzi inasimama yenyewe. Mtu anayekwambia yeye hatumii huo uzi, mwulize amefuma shali ngapi za mohea, ule uzi wa manyoya marefu ya mbuzi, maana mohea haifumuki kirahisi, manyoya yanashikana.

Vinundu vya Kiestonia havipitiki

Shali za Haapsalu zina vile vinundu vilivyotuna, kitanzi kimoja kinazalishwa vitano au saba kwenye mstari wa kwenda, pleni tundu pleni tundu pleni, alafu mstari wa kurudi vyote vinafungwa kwa palo moja. Kama sindano inakataa kuingia, umekaza mstari wa kwenda. Vuta kila kitanzi kirefu kupita unavyoona ni sawa. Vikishakaza tayari, ingiza kroshia nyembamba uvute uzi kupitia vyote mara moja.

Ukingo wa chini umekaza, ncha hazitoki

Umefunga vitanzi vya mwisho kwa ufungaji wa sweta. Lesi itatanuka kwenye kuwamba, ukingo usiotanuka utaivuta yote iwe mfuko. Funga hivi: fuma viwili, virudishe sindano ya kushoto, vifume pamoja kwa miguu ya nyuma, fuma kimoja kingine, rudisha viwili tena, endelea, na tumia sindano nene zaidi kwa mkono wa kulia. Lakini kama wewe ni wale wa kufuma vitambaa vya makochi, una bahati, funga na kroshia: chota vitanzi vitatu kwa pamoja, piga mnyororo wa tano au sita, chota vitatu vingine. Unapata ukingo wa vipinde unaotanuka utakavyo, na kila kipinde kinakuwa mahali pa kuchomeka pini.

Uzi unaisha na shali haijaisha

Pembetatu inadanganya. Mistari ya mwanzo ni mifupi, unafika katikati unaona bonge la uzi bado limejaa unaanza kujisifu. Nusu ya uzi haiishi kwenye nusu ya mistari, inaisha ukifika kama asilimia 71 ya mistari yote. Shali ya mistari 140, ukifika wa 99 hivi ndo umetumia nusu. Kwa hiyo pima bonge kwenye mizani ya jikoni mwanzoni, likibaki nusu zidisha mistari uliyofuma kwa 1.4 na hapo ndo utakapoishia. Na kwa ufungaji acha uzi wa kutosha, mara nne ya upana wa ukingo ukiwa umevutwa, tena ufungaji wa kutanuka unakula zaidi ya wa kawaida.

Nimemaliza, inafanana na dekio

Hiyo sio dalili ya ugonjwa, kila lesi inatoka hivyo. Bado hujaiwamba. Kule Shetland shali iliyooshwa ilikuwa inavutwa kwenye fremu ya mbao mpaka ikauke, na zile nyembamba za kisiwa cha Unst, zinazopita ndani ya pete ya ndoa, hakuna aliyeziuza zikiwa zimejikunja.

Ila kabla ya maji, jua uzi wako ni nini maana lebo wakati mwingine haipo au inasema lolote. Kata kipande kidogo, kishike kwa koleo juu ya sinki, kiwashe. Sufu inaungua kwa uvivu, inanuka nywele, majivu yanasagika kwa vidole. Akriliki inayeyuka inaacha donge gumu, na ni moto sana hiyo usishike. Pamba inanuka karatasi.

Sufu: loweka maji ya uvuguvugu dakika 20 hadi 30, shampoo kidogo kama imechafuka, sabuni ya unga hapana, jiki kabisa usithubutu, klorini inayeyusha sufu. Usisugue, usiihamishe kutoka maji moto kwenda baridi ghafla, itajikunja iwe blanketi na hapo hakuna kurudi. Usiikamue kwa kusokota, iviringishe ndani ya taulo ulikanyage. Tandika godoro la sponji, juu weka shuka, na hapa ndo zile spoki zinarudi kazini, zisugue kwa msasa na uzifute vizuri, pitisha spoki kwenye kila tundu la ukingo wa juu, vuta mpaka iwe mnyoofu, bana na pini. Alafu uti wa mgongo vuta chini, alafu ncha moja moja huku na huku kwa zamu, usimalize upande mmoja kwanza shali itakaa kombo. Inaweza kuongezeka robo ya ukubwa au zaidi, usiogope. Pini ziwe za chuma kisichoshika kutu, spoki zenye kutu zikae mbali, alama ya kutu kwenye shali nyeupe haitoki. Usitoe mpaka ikauke kabisa, msimu wa mvua ipe siku mbili.

Akriliki: umeilowesha, umeipini, imekauka, umetoa pini, imerudi kulekule. Maji hayaiwezi. Inataka mvuke. Ipini ikiwa kavu, pasi ya mvuke ipite juu yake sentimita mbili au tatu bila kugusa. Ukiwa na pasi isiyo na mvuke tandaza kipande cha kanga iliyoloa na pasi ielee tu juu ya kitambaa. Ikigusa inayeyuka inang'aa, na hata ikienda vizuri hairudi ilivyokuwa, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kile kipande cha majaribio. Hukufuma kipande cha majaribio? Kifume, vipande viwili vya patani vinatosha, ndo hichohicho kitakachokupa kipimo cha shali nzima.

Pamba itatanuka vizuri kwenye pini ila ni nzito, ikivaliwa inashuka yenyewe, kwa hiyo iwambe pungufu ya urefu unaoutaka.

Ncha za uzi zichomeke ndani baada ya kuwamba, sio kabla, ukichomeka kabla zinavuta kitambaa wakati kinatanuka, na acha kama sentimita 2 za mkia mpaka pini zitoke ndo ukate. Shali ya sufu ikioshwa tena itajikunja tena na utaiwamba tena, kila mara. Ya akriliki uliyoipiga mvuke unaosha unaanika basi.